Aliye Karibu na Aje

Jioni ya kuamkia siku ya boti, Jerotich alitoka kununua barafu na mkate. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara tu, lakini alichukua gari, maana mtoto alikuwa akilia na gari peke yake ndilo lililoweza kumtuliza kidogo. Alizunguka maegesho ya fleti zao pale Falls Church, akaingia barabara kubwa ya Route 7, akalipita duka, akageuza, akalipita tena. Mtoto analia. Barafu haijanunuliwa.

Kipkemoi alikuwa na miezi minne. Mchana alikuwa mtoto wa kuchekacheka, wa kubebwa na kila mtu kanisani. Jua likianza kushuka nyuma ya maghorofa, alianza. Hakikuwa kilio cha njaa, wala cha tumbo. Jerotich alikuwa amekwisha kulea mtoto mwingine, Anna, ambaye sasa alikuwa na miaka saba, na vilio vya watoto alivijua. Hiki kilikuwa kilio cha mtu anayegonga mlango na waliomo ndani hawataki kumfungulia.

Madaktari walisema ni gesi, itaisha. Kogo hakusema hivyo.

Kogo, yaani bibi, mama yake Mutai mume wa Jerotich, alikuwa amekuja kutoka Bomet kumwona mjukuu. Siku ya kwanza tu alimpakata, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akamwambia Jerotich kwa sauti ya chini, "Huyu hajaitwa."

Jerotich alijua maana yake. Kwao mtoto akizaliwa, kina mama humkalia karibu na kuwataja marehemu wa ukoo wa baba, mmoja baada ya mwingine. Litatajwa jina la babu fulani, na mtoto atapiga chafya. Basi, ndiye huyo. Mtoto ameshikwa mkono na mtu wake, hatatembea dunia hii peke yake. Anna aliitwa kule nyumbani kabla hawajahama. Lakini Kipkemoi alizaliwa Virginia, katika hospitali yenye harufu ya dawa, na wakati huo Mutai alikuwa amekuwa shemasi.

"Mama, katika nyumba hii hatuiti wafu," Mutai alisema. "Hapa tunaita jina la Yesu peke yake."

"Yesu mwenyewe aliitwa kwa jina la ukoo wake," Kogo alijibu. "Mwana wa Daudi. Au hilo hamlisomi huko kanisani?"

"Mama."

Kogo akanyamaza. Lakini kunyamaza kwa Kogo hakukuwa kukubali.

*

Boti ilikuwa ya Eliudi. Yeye na Mutai walikuwa madereva wa mabasi ya kubeba abiria kutoka maegesho hadi uwanja wa ndege wa Dulles. Eliudi alitoka Musoma, alizaliwa na kukulia ziwani, na tangu afike Marekani alikuwa akilalamika kwamba mikono yake inasahau kazi. Kiangazi hicho cha mwaka 2005 akanunua boti kuukuu ya bati yenye injini inayokohoa, akawaalika wote siku ya mapumziko ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo Marekani huwa mwanzoni mwa Septemba.

"Nyie watu wa majani ya chai," alisema akimfunga Anna jaketi la kuelea, "mnaogopa maji hata ya bafuni."

"Sisi kazi yetu kukimbia," Mutai akajibu. "Ulimwengu mzima unajua. Maji yakija, tunakimbia."

"Humu ndani utakimbilia wapi sasa?"

Wakacheka. Hata Kogo alicheka, ingawa alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili na leso yake imefungwa kichwani kama ya mtu anayekwenda vitani.

Mto Potomac huku chini ni mpana kama ziwa. Walishuka nao mchana kutwa. Walikula kuku na chapati, Anna akamrushia bata mabaki, mtoto akalala kifuani mwa mama yake. Jerotich, ambaye wiki nzima huinua wazee vitandani, huwaosha na kuwalisha kwa kijiko katika nyumba ya kutunzia wazee, alihisi mabega yake yakilegea kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

"Anna!" Mutai aliita. "Anna, kaa chini! Utaanguka, Anna!"

Eliudi akageuka. Uso wake haukuwa wa mzaha tena.

"Mutai, samahani, kaka. Majini hatuitani majina."

"Nani hawaitani?"

"Sisi, kwetu. Mtu akiwa mtumbwini anaitwa wewe wa mbele, wewe mwenye kofia. Jina unaliacha nchi kavu pamoja na viatu."

"Kwa nini?"

"Hujui nani mwingine anasikia."

"Huo ni ushirikina, Eliudi."

"Ndiyo, ni ushirikina. Lakini nimevua tangu utoto na bado nipo." Akacheka kidogo, akarudi kwenye injini.

Kogo alikuwa amesikia. "Wao wana maji," alimwambia Jerotich bila kujali, "sisi tuna watu."

*

Jua lilipoanza kuinama, Eliudi aliwapeleka katika ghuba moja upande wa Maryland. Ilikuwa ghuba ya ajabu. Zamani sana meli nyingi za mbao zilitelekezwa humo, zikazama, zikaoza. Mbavu zao zilikuwa zimechomoza majini, nyeusi, na juu ya nyingine miti ilikuwa imeota.

"Samaki hujificha humo," Eliudi alisema. Akashusha nanga. Yeye na Mutai wakakaa mbele, migongo imegeuka, ndoana majini. Anna akakaa katikati na mwanasesere wake. Nyuma wakabaki Jerotich, Kogo na mtoto.

Na mtoto akaanza kulia.

Kilio kilipiga zile mbavu za meli na kurudi. Ilisikika kama watoto wengi. Jerotich alimpa titi, akalikataa. Akamtikisa, akamwimbia. Machozi yalianza kumlenga yeye mwenyewe, si kwa huzuni bali kwa uchovu, ule uchovu wa mtu ambaye kesho yake saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa kazini.

Kogo akaingiza mkono kifuani, akatoa kikopo cha mafuta ya kujipaka. Ndani hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na ugoro.

"Mwanangu alinikataza katika nyumba yake," alinong'ona. "Hapa si nyumbani kwake."

Jerotich alitazama mgongo wa mumewe. Kisha akamtazama mtoto, uso umevimba, sauti imeanza kukwaruza.

"Fanya haraka," alisema.

Kogo alisugua ugoro kidogo kwenye ncha ya kidole, akausogeza chini ya pua ya mtoto. Akaanza kutaja. Alitaja kwa Kikipsigis, pole pole, kama mtu anayewaamsha wageni waliolala. Arap Koros, baba wa marehemu mumewe. Kimya. Arap Sigei, aliyekuwa mrefu. Kimya. Arap Chumo, aliyejua kutibu ng'ombe. Mtoto alilia tu. Kogo alitaja wakubwa, akataja wadogo wao, akataja waliokufa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, ambao aliwajua kwa kusimuliwa. Ugoro ulikuwa umemjaa mtoto puani. Hakupiga chafya.

"Wako mbali," Kogo alisema. Jasho lilikuwa limemtoka. "Hawajavuka. Hawajui mahali hapa."

"Basi acha, Kogo."

"Siwezi kuacha katikati. Ukifungua mlango huachi wazi." Akafumba macho. Sauti yake ikawa ya kubembeleza, ya mwanamke aliyeishiwa. "Hata kama simjui... hata kama simkumbuki... Aliye karibu na aje. Aliye karibu amshike mtoto huyu."

Mtoto akapiga chafya.

Kisha akanyamaza.

Kila kitu kikanyamaza. Vyura waliokuwa wakilia kwenye majani, kimya. Ndege, kimya. Maji yaliyokuwa yakilamba ubavu wa boti yakatulia kama mafuta ndani ya sufuria. Halafu ikaja harufu. Kwanza ya tope, tope la chini lisiloona jua. Na ndani ya tope hilo, harufu nyingine, ambayo Jerotich aliitambua mara moja kwa kuwa nguo zake zote zilikuwa nayo.

Maziwa ya mama. Yaliyochacha.

"Ulimtaja nani?" alinong'ona.

Tabasamu la Kogo lilikuwa limeanza kufunguka. Likafia njiani.

"Sikumtaja mtu," alisema.

Ko.

Kitu kiligonga chini ya boti.

Ko... ko.

"Gogo hilo," Mutai alisema bila kugeuka.

Halikugonga kama gogo. Jerotich alihisi kupitia nyayo zake. Kilikuwa kitu kidogo na laini, kinachopiga bati kutoka chini jinsi mtoto anavyopiga meza kwa kiganja akidai chakula. Kiligonga mbele, kikagonga katikati chini ya Anna, kikaja nyuma. Kikasimama pale alipokuwa amekaa yeye.

Ko. Ko. Ko.

Eliudi alikuwa amesimama. Alitazama maji, kisha akamtazama Kogo, akaona kikopo mkononi mwake. Akavuta kamba ya injini. Injini ikakohoa, ikafa. Akavuta tena. Ikafa.

"Vuta nanga," alimwambia Mutai.

Mutai akavuta. Kamba ikakaza. Akavuta kwa nguvu zake zote, boti ikainama, na kamba ikavutwa kutoka chini, taratibu, ikirudi majini kupitia vidole vyake.

"Kuna mtu..." Mutai alianza.

Ndipo waliposikia sauti.

Ilitoka ufukweni, kwenye miti iliyokuwa imeanza kuwa nyeusi. Sauti ya mwanamke. Haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha Jerotich. Ilikuwa sauti ya mama aliyesimama mlangoni na mikono yenye unga, anayemwita mwanawe aje kula kabla chakula hakijapoa. Iliita jina moja. Jina la kawaida la Kimarekani, la mtoto wa kiume. Jina hilo halitaandikwa hapa.

"Mama," Anna alisema. Anna, ambaye siku zote huongea Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswahili, safari hii alinong'ona kwa Kiswahili safi. "Yule mama anamwita mtoto wetu."

"Mama gani?"

Anna akanyoosha kidole. Kati ya mbavu mbili za meli, ndani ya maji hadi magotini, kulikuwa na kitu cheupe. Huenda ulikuwa mti uliobambuka gome. Huenda.

Sauti ikaita tena.

Kipkemoi akageuza shingo. Mtoto wa miezi minne. Aligeuka pole pole kifuani mwa mama yake hadi akautazama ule weupe, kisha akanyoosha mikono yote miwili. Hajawahi kumnyooshea mtu mikono. Hata Jerotich.

"Mtu asiitike," Eliudi alisema kwa sauti ya chini. "Yeyote. Akiwaita, msiitike." Akachomoa kisu cha samaki, akakata kamba ya nanga. Boti ikaruka nyuma kama iliyoachiliwa na mkono. Yeye na Mutai wakashika makasia, wakapiga maji kama wendawazimu, Mutai akiomba kwa sauti, Zaburi zikimtoka vipandevipande. Kogo alimwaga ugoro wote majini. Jerotich alimkandamiza mtoto kifuani akamfunika masikio.

Ule mlio wa viganja uliwafuata chini ya boti hadi mdomo wa ghuba. Hapo ukakoma.

Injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

Njiani kurudi giza lilikuwa limeingia kabisa, saa ya Kipkemoi ya kulia ilikuwa imefika na kupita. Alikuwa macho, ametulia, anatazama nyuma walikotoka.

Hakulia tena. Na hakunyonya.

*

Siku ya kwanza walidhani amechoka. Ya pili Jerotich alijikamua maziwa kwenye chupa, mtoto akafumba midomo. Alijaribu kijiko, alijaribu bomba la sindano lisilo na sindano. Maziwa yalimtiririka kidevuni. Hakuyatema kwa hasira. Aliyaacha tu yapite, kama si yake.

Jerotich aliwahi kuuona mdomo ule. Kule kazini kwake hufika siku mzee hufumba midomo hivyo. Si kwamba hawezi kula. Ameamua. Na wasaidizi wote wanajua kwamba baada ya hapo hawachelewi kumpigia simu mwanawe aje.

Mtoto akalazwa hospitali. Wakamtia mrija puani, maziwa yakaenda tumboni na kurudi yote. Wakampima kila kitu. Madaktari wapole, wazuri, walisimama mlangoni wakinong'onezana. Hawakuona ugonjwa. Walichoona ni kwamba anapungua, na kwamba ikiendelea hivyo, hatamaliza wiki.

Watu wa kanisa walikuja wakaomba wakiwa wameshikana mikono kukizunguka kitanda. Mutai alifunga, hakula wala kunywa. Kisha jioni moja alitoka kwenye maombi, akamfuata Kogo kwenye korido, akapiga magoti mbele yake, shemasi mzima, mbele ya wauguzi.

"Mama, mwite," alisema. "Mwite sawasawa. Waite wote. Sitasema kitu."

Kogo akamwita. Alifunga mlango, akavua viatu, akawataja wale wazee upya kuanzia wa mwanzo. Mtoto alimtazama kwa subira, kama mtu mzima anayemsikiliza mgeni aliyekosea nyumba. Kogo alipomaliza, aliketi chini.

"Nafasi ina mtu," alisema.

"Mtoe!" Mutai akasema.

"Mimi nilimkaribisha. Anayekaribisha mgeni hana tena mdomo wa kumfukuza." Akamgeukia Jerotich. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikiliza, mwanangu. Jina halikai mpaka mama alitamke, mtoto akiwa kifuani. Ndiyo maana hanyonyi. Anangoja aitwe. Usipomwita, atakufa. Ukimwita, ataishi. Lakini utakuwa umempokea huyo aliyeingia ndani yake, na huyo ana mama yake."

Asubuhi yake Eliudi alikuja hospitali. Alikuwa amerudi peke yake kule kwenye gati, akaongea na mzee anayeuza chambo. Mzee alikumbuka kisa. Zamani, familia moja iliyokuwa ikitega kaa ilipoteza mtoto ghubani. Kalikuwa kachanga, kalianguka kutoka kwenye boti jioni moja wakati wakubwa wanagombana na injini. Hakakupatikana. Mama yake alikuwa akija ufukweni kila jua likizama, anamwita aje kula.

"Yuko wapi sasa?" Jerotich aliuliza.

"Mzee alisema amekufa zamani. Halafu akasema labda alihama tu. Hakuwa na hakika, shemeji." Eliudi alikunja kofia yake mikononi. "Jina la mtoto alinitajia. Alikuwa anaitwa..."

Jerotich akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usilitaje. Ninalo."

*

Siku nzima alikaa nalo. Lilikuwa kwenye ulimi kama kokwa. Mutai alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya dirisha, Biblia mapajani, haijafunguliwa.

"Wewe unasemaje?" Jerotich alimuuliza.

"Nasema Mungu yupo." Akapangusa jalada la Biblia. "Nasema pia mtoto wangu ananiuma moyo."

"Nikimwita, atakuwa wako bado?"

Mutai alifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Jua likainama. Mwanga ukawa wa rangi ya chai juu ya shuka. Mtoto alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanuliwa, na mishipa kwenye utosi wake ilikuwa ikipiga polepole, polepole mno. Jerotich alifungua blauzi, akamweka kifuani. Midomo ilikuwa imefumbwa. Akainama hadi sikio lake, akanong'ona lile jina.

Midomo ikafunguka.

Alishika titi kwa nguvu hata Jerotich akapiga ukelele. Alinyonya kama mtu aliyekaa miaka mingi bila kula. Alinyonya macho yakiwa wazi, yamemkazia usoni, yakimsoma, na kooni mwake mlisikika mlio wa maji yanayoingia mahali pakavu. Mutai alipiga magoti akilia, "Asante Yesu, asante Yesu." Kogo, aliyekuwa kwenye kona, hakusema asante.

Na kutoka chini, kwenye maegesho ya hospitali, sauti ya mwanamke ikaita lile jina. Taratibu. Kwa upendo.

Mtoto akaacha titi. Tone la maziwa likamning'inia mdomoni. Akageuza shingo kuelekea dirishani.

Jerotich akaita tena, si kwa kunong'ona sasa. Kule nje sauti ikaita. Jerotich akaita kwa nguvu zaidi, akimgeuza mtoto uso kwa kidole, na wauguzi wakaja mbio kuona kuna nini. Mwisho mtoto akahema, akarudi kifuani, akaendelea kunyonya.

Siku hiyo Jerotich alishinda.

*

Kogo alirudi Bomet kabla ya majira ya baridi. Eliudi aliiuza boti kwa bei ya kutupa. Mutai aliacha ushemasi bila kueleza sababu, ila kanisani bado huenda, hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango.

Mtoto akakua. Ana afya, ana meno yote, mbio kama baba yake. Kwenye karatasi za shule ya chekechea ni Kipkemoi. Lakini kila jua linapoanza kushuka, Jerotich huacha alichokuwa akifanya. Alibadilisha shifti ili awe nyumbani saa hiyo. Hufunga madirisha, humwita mtoto kwa jina lile lingine, na huita kwanza. Huo ndio ujanja wote alioujua. Aite kwanza, na aite kwa nguvu. Majirani wamezoea. Wanadhani ni desturi ya Kiafrika.

Kwa sababu yule mama mwingine haachi. Huwa yuko kwenye maegesho, au kwenye ngazi, au siku za mvua karibu zaidi, upande wa pili wa mlango, na harufu ya maziwa yaliyochacha hupenya chini yake. Hajawahi kugombana. Hajawahi kupandisha sauti. Anamwita tu mwanawe aje kula.

Msimu huu wa baridi Jerotich alishikwa na mafua. Jioni moja alisimama katikati ya sebule, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Alijaribu tena. Pumzi tupu.

Huko nje sauti ikaita, laini, safi.

Mtoto akaweka kijiko chake chini. Akashuka kwenye kiti, akaenda hadi mlangoni, akakaa na kuanza kuvaa viatu. Alivaa vizuri, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Jerotich alimrukia, akamkumbatia kiunoni, na mtoto, ambaye hakuwahi kuwa na nguvu hizo, akamburuta juu ya zulia. Mkono wake mdogo ukafika kwenye kitasa.

"Mutai!" Jerotich alijaribu kupiga kelele. Mutai alikuwa kazini, na hata angekuwepo asingesikia pumzi ile.

Ndipo jina likaitwa kutoka jikoni. Kwa nguvu, kwa ukali, kama dada anayemgombeza mdogo wake.

Mtoto akasimama. Akageuka.

Anna alikuwa mlangoni mwa jikoni, kikombe mkononi. Siku zote hizo alikuwa amelijua. Alilisikia siku ileile, kwenye boti, na hakuwahi kulisema hata mara moja.

"Njoo hapa," Anna alimwambia. Akaliita tena. Na mtoto akarudi, akavua viatu, akapanda kiti, akashika kijiko.

Jerotich alimkumbatia binti yake wakalia wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya boti kuhisi kwamba hayuko peke yake katika kazi hii. Usiku huo alilala usingizi mzito.

Kesho yake jua lilipoanza kushuka, walisimama sebuleni bega kwa bega, mama na binti, tayari kuita.

Lakini yule wa nje alitangulia. Aliita lile jina la siku zote, taratibu, kwa upendo. Akanyamaza kidogo, kama mama anayehesabu sahani.

Kisha akaita, "Anna."

Na Anna akainua kichwa.